GEHAZI SIKU HIZI ANA PAYBILL



Ujumbe wa leo ni mrefu. Kama uko kwenye matatu, usome ukifika nyumbani. Kama wewe ni mchungaji mwenzangu, usome ukiwa umeketi. Na kama uko Riyadh, Jeddah, Dammam, Doha au Kuwait, na simu umerudishiwa saa hii ya usiku baada ya kazi kuisha, usome wewe kwanza. Nimeuandika kwa ajili yako.

Fungua Biblia yako, 2 Wafalme sura ya 5.

Sura hii tumeihubiri mara nyingi. Tunahubiri Naamani, jemadari mwenye ukoma. Tunahubiri kiburi chake. Tunahubiri Yordani na kuzama mara saba, kanisa linasimama, watu wanaruka. Ni sawa. Lakini leo sina shughuli na Naamani sana. Kuna watu wawili ndani ya sura hii ambao huwa tunawaruka, na leo nataka tuwaangalie usoni.

Wa kwanza ni yule msichana mdogo. Biblia haikutaja hata jina lake. Vikosi vya Shamu vilivamia nchi ya Israeli vikamchukua, akajikuta katika nyumba ya Naamani akimtumikia mke wa Naamani. Kwa lugha yetu ya leo, huyo binti alikuwa shagala. Yuko ugenini, ndani ya nyumba ya watu, kazi asubuhi mpaka usiku. Hakuna hekalu karibu. Hakuna nabii wa kumtembelea. Hakuna wa kumwekea mikono. Lakini kutoka jikoni mwa nyumba hiyo lilitoka neno moja lililoamsha jemadari, likasumbua wafalme wawili, na mwisho likampeleka mtu mzima majini akatoka na ngozi ya mtoto.

Wa pili ni Gehazi. Huyu hakuwa ugenini. Alikuwa nyumbani, tena ndani ya huduma, mtumishi wa nabii Elisha. Naamani alipopona alirudi na shukrani: fedha, dhahabu, mavazi. Elisha akaapa hatachukua kitu. Gehazi akahesabu ile hasara moyoni, akatoka mbio nyuma ya gari la Naamani. Na angalia alivyoomba. Hakusema, nataka pesa. Alisema kuna vijana wawili wa manabii wamefika kutoka milimani, wanahitaji talanta ya fedha na mavazi. Ombi lilikuwa na sura ya huduma. Lilikuwa na harufu ya kanisa. Naamani alitoa mara mbili ya fedha aliyoombwa, kwa furaha.

Wapendwa, Gehazi hakuisha. Ameacha tu kukimbia kwa miguu. Siku hizi ana Paybill.

Na kabla hujaanza kumtafuta Gehazi kwenye kanisa la jirani, wacha nikuonyeshe nilikompata mimi. Nilimpata kwenye simu yangu, kwenye meseji nilizotuma kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwaka 2022 binti mmoja wa kanisa letu alipata kazi ya nyumbani Saudia. Jina lake silitaji, maana bado yuko huko. Ni binti wa mama mmoja anayehudumu mlangoni Jumapili, yule anayekuonyesha kiti ukichelewa. Ana mtoto mmoja. Jumapili ya mwisho kabla asafiri tulimwita mbele. Akaleta pasipoti. Nikachukua mafuta, nikapaka ile pasipoti, nikaipandisha juu, kanisa likapiga makofi. Nikatamka kwamba anaenda kuwa kichwa wala si mkia. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka kule nyuma, "Usitusahau ukishapata!" Tukacheka sote.

Sasa nikuulize swali ambalo hakuna mtu aliuliza siku ile. Ajenti aliyempeleka alikuwa nani? Sikujua. Je, ofisi hiyo ilikuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA? Sikuangalia. Mkataba ulisema saa ngapi za kazi, siku gani ya kupumzika, mshahara kiasi gani? Sikuusoma. Kanisani hakuna aliyebaki hata na nakala ya ile pasipoti. Niliipaka mafuta jalada lake wala sikuifungua ndani.

Hii haikuwa imani. Ilikuwa uvivu uliovaa nguo za imani.

Mshahara wake ulikuwa riyali 900, kama shilingi elfu 28 wakati huo. Mwezi wa kwanza ulipokwisha nilimtumia ujumbe: "Binti yangu, Bwana amekukumbuka. Usisahau malimbuko." Hapa kwetu tulikuwa tumefundisha kwamba malimbuko ni mshahara wote wa kwanza. Akatuma wote. Tukanunua spika na maikrofoni. Ile maikrofoni ninayoshika kila Jumapili, ile ninayowaambia mseme amina, ni mwezi mmoja wa binti huyo.

Mwezi huo huo mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nyanya yake hakuniambia. Aliona aibu. Kila Jumapili alisimama mlangoni, akakaribisha watu waingie wasikie sauti nzuri ya spika mpya.

Sikujua mpaka mwaka jana. Na hata hapo sikujua kwa sababu niliuliza. Nilikuwa nimetuma ujumbe kwa washirika wetu wote walio nje ya nchi: wiki ya mbegu ya ughaibuni, panda elfu 10, mwaka huu usiishe kabla mlango wako haujafunguka. Saa saba usiku ikaingia sauti kutoka kwake. Alikuwa ananong'ona. Kwa nyuma nilisikia maji ya bomba, maana huwa anafungua bomba la bafu ili asisikike akiongea.

Akasema: "Bwana asifiwe mchungaji. Ujumbe nimeuona. Nitatuma mwezi ukiisha. Lakini nilikuwa na swali. Unaweza kuniombea hata kama sijatuma?"

Niliisikiliza mara moja. Sikuweza kuisikiliza mara ya pili usiku huo.

Wapendwa, binti wa Mungu anauliza mchungaji wake kama maombi yanalipiwa. Hakulitoa kwa shetani hilo wazo. Alifundishwa na mimi. Sikuwahi kusema kwa mdomo kwamba ukikosa kutuma sitakuombea. Sikuhitaji kusema. Kila nilipomtafuta nilikuwa na namba ya kulipia chini ya ujumbe. Mtu akikuandikia mara kumi, na mara zote kumi kuna namba ya Paybill, utajua mwenyewe wewe ni nani kwake.

Kuna watakaonijibu, na majibu yao nayajua, kwa sababu nilikuwa nikiyatoa mimi.

Wa kwanza atasema: mchungaji, sadaka ni agizo la Mungu, hata maskini hutoa, kumbuka yule mjane wa senti mbili. Nakumbuka. Lakini soma mistari iliyo kabla yake, mwisho wa Luka 20. Kabla Yesu hajamwona yule mjane akitoa, alikuwa amemaliza kuwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Tumechukua hadithi ya mjane tukaikata hapo juu kwa makasi, tukaacha sehemu inayotuhusu sisi. Mjane yule hakuandikiwa meseji. Hakuambiwa asipotoa mlango utafungwa. Mimi sipingi utoaji. Ninapinga kumtishia mtoaji.

Wa pili atasema: Wafilipi 4:19, Mungu atawajaza watoaji kila wanachohitaji. Ndugu yangu, mstari huo tumeuandika hadi kwenye kalenda. Sasa rudi nyuma kidogo usome waraka wote. Paulo alikuwa kifungoni, mbali na nyumbani. Kanisa la Filipi lilikusanya vitu likampelekea, na aliyevipeleka, Epafrodito, aliugua huko karibu afe. Nani alikuwa anatuma? Kanisa. Nani alikuwa anapokea? Mtu aliye mbali, amefungwa, hawezi kutoka. Ahadi ile waliambiwa watu waliotuma msaada KWENDA kwa aliye ugenini. Sisi tumeigeuza. Tunaisomea mtu aliye ugenini ili atume kuja kwetu! Kama tunataka ahadi ya Wafilipi, basi tufanye kazi ya Wafilipi. Na nikuulize: Epafrodito wa kanisa letu ni nani? Nani amewahi kutumwa, hata kwa simu tu, kwenda kuona watoto wetu wanaishije?

Wa tatu atasema: hakuna aliyewafukuza, walienda wenyewe kutafuta pesa, wacha wazitafute. Huyu ndiye ananiudhi zaidi. Hapa Kenya pesa zinazotumwa na ndugu zetu walio nje zilifika karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Zinazidi chai, zinazidi kahawa, zinazidi utalii. Nyumba ya mabati mapya unayoiona kijijini, matofali yaliyopangwa pale nje, mtoto aliyeingia chuo, dawa ya mzee ya presha, nyingi ni jasho la mtu aliye mbali. Hatuwezi kula jasho lake kisha akipata shida tuseme alijipeleka. Mwaka 2021 Bunge letu lenyewe liliambiwa juu ya makumi ya Wakenya waliofia Saudia, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Majeneza yale yalipita uwanja wa ndege ule ule tuliowasindikiza tukiimba.

Na wa nne atasema kwa upole: mchungaji, shida ni kwamba wakienda huko wanapoa kiroho. Hawaingii ibada ya mtandaoni. Hawajibu ujumbe. Wanaweka picha wamevaa baibui.

Hapa nataka tuketi kidogo, maana watu wengi wanaumizwa hapa.

Saudia hakuna jengo la kanisa. Hata moja. Jumapili si siku ya mapumziko huko; wao hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na shagala wengi hata hizo hawazioni. Ibada yetu ya saa nne asubuhi, wewe ukiwa umevaa suti, yeye anaosha choo cha pili, simu iko kabatini kwa madam. Saa zetu na zao ni zile zile, hakuna tofauti hata ya dakika, kwa hiyo hatuna kisingizio cha kutojua yuko wapi wakati tunasema "karibuni watu wa ughaibuni, tuma salamu zako hapo chini." Akikosa kutuma salamu, tunasema amepoa.

Binti yetu alinieleza baadaye jinsi anavyosali. Zaburi 121 ameishika kichwani. Huisema akipanda ngazi na ndoo, kidogo kwa kila kipandio. Katika nyumba ile kuna nyanya mzee ambaye macho yamekwisha. Yeye ndiye humwosha, humlisha, humgeuza usiku asipate vidonda. Watoto wa nyumba wamemchoka yule mzee. Binti yetu humshika mkono, na moyoni humwombea, kwa jina ambalo hawezi kulitaja kwa sauti. Mzee asipomsikia karibu hulia, anamwita.

Sasa niambie nani amepoa hapo. Mimi niliyekuwa natuma meseji za mbegu, au yeye?

Yule msichana wa 2 Wafalme alifanya hivyo hivyo. Angeweza kuuona ule ukoma wa Naamani akasema moyoni, na aoze. Ni watu wake waliomteka. Badala yake alimtakia mema. Hiyo ndiyo ibada aliyokuwa nayo, na Mungu aliipokea bila kwaya na bila spika.

Na tena kuna mahali katika sura hiyo ambapo hatuhubiri kabisa. Naamani alipopona alimwambia nabii jambo lililokuwa likimsumbua. Anarudi kazini. Bosi wake, mfalme, huingia katika hekalu la Rimoni akiegemea mkono wake, na mfalme akiinama, yeye pia italazimu ainame. Akaomba Mungu amsamehe katika jambo hilo. Elisha alimjibu nini? Je, alimwambia acha kazi? Je, alimwambia wewe si mtu wetu tena? Alimwambia aende kwa amani. Basi.

Elisha alielewa kwamba mtu anaweza kuwa na Mungu wa kweli moyoni huku mkono wake umeshikwa na kazi ya mtu mwingine. Kwa hiyo dada yangu, sikia kutoka kwa mchungaji wako. Baibui ni nguo. Ukivaa kwa sababu ndiyo desturi ya mahali ulipo, hujamkana Yesu. Ukipika futari mwezi mzima wa Ramadhani na kuwaandalia kwa heshima, hujamkana Yesu. Ukinyamaza kwa sababu ukisema utaumia, Mungu anasikia kilicho ndani. Usikubali mtu aliyeketi kwa raha huku nyumbani akupime imani kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukibeba hata wiki moja. Nenda kwa amani.

Sisemi kila mwajiri huko ni mbaya. Wapo wanaowalipa watu kwa wakati, wanaowapa chakula kile kile wanachokula wao, wanaomnunulia mtu tiketi akifiwa. Na sisi hapa Kenya tusijifanye safi. Kuna wapendwa wanaosoma ujumbe huu na msichana wao wa kazi anakula amesimama jikoni, hajalipwa tangu mwezi wa juzi, na Jumapili wanamwacha nyumbani na watoto ili wao waje kuabudu. Saudia inaanzia mlangoni kwako.

Na walio Marekani na Uingereza msidhani nimewasahau. Nyinyi kanisa la kuingia mnalo, lakini Gehazi anawajua kwa majina. Unafanya kazi ya kulea wazee, shifti ya mchana ikiisha unaunganisha ya usiku, unalala kwenye gari saa mbili. Kisha mtumishi anakupigia, ameota juu ya makaratasi yako, na ndoto ina bei. Mpendwa, makaratasi yako yana wakili na yana foleni. Ukitaka maombi, omba, na uombewe bure. Nabii aliye na bei ya ndoto, mwambie aende akalale tena.

Gehazi aliporudi nyumbani alificha vile vitu, akaja akasimama mbele ya bwana wake kama kawaida. Elisha akamuuliza ametoka wapi. Akasema hajaenda popote. Swali lile ndilo lililoniangukia mimi usiku ule: mchungaji, unatoka wapi? Ukoma wa Naamani ukamshika Gehazi. Mgonjwa wa nje alipona, mtumishi wa ndani akaugua. Hii hadithi inanitisha kuliko jehanamu zote nilizowahi kuhubiri, kwa sababu aliyeugua alikuwa anafanya kazi yangu.

Niliita wazee. Nikawachezea ile sauti. Kulikuwa kimya. Kisha nikasema tutarudisha zile elfu 28 kwa nyanya wa mtoto, ziwe karo. Mzee mmoja akasimama akasema, sadaka ikishafika madhabahuni hairudi, tukianza hivi tutarudishia wangapi? Nikamwambia, mzee wangu, wewe uliza swali hilo kwa Zakayo. Yeye alirudisha mara nne na wokovu ukaingia nyumbani mwake siku hiyo hiyo. Tulibishana hadi saa tano usiku. Mwishowe tulirudisha. Haikuwa hisani ya kanisa, na naomba mtu yeyote asije kuisimulia kama hisani. Ilikuwa deni.

Yule mama alipopokea alilia, kisha akaniuliza, "Mchungaji, kwani amekosa nini mtoto wangu mpaka mnamrudishia?" Alidhani tumemfukuza kanisani. Hapo ndipo nilijua tumeharibu kwa kina gani.

Kwa hiyo nasema hadharani yale tuliyokubaliana, ili mnishike nayo.

1. Hatupaki mafuta pasipoti ambayo mkataba wake hatujausoma. Ukija kuombewa safari, njoo na karatasi. Tutaangalia kama ajenti yuko kwenye orodha ya NEA. Tutasoma saa, siku ya kupumzika na mshahara. Sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya Saudia yenyewe, iliyoanza kutumika 2024, inasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, kuwe na siku ya kupumzika kila wiki, na mwajiri asikunyang'anye pasipoti. Mtu akikiukiwa haki hiyo, ajue ni haki. Tukiona mkataba ni mbaya, tutasema usiende, hata kama tiketi imekatwa.

2. Nakala ya pasipoti, mkataba, jina la ajenti na namba ya mwajiri zitabaki kwa familia na kwa mzee mmoja wa kanisa. Namba ya ubalozi wetu wa Riyadh utaondoka ukiwa umeiandika mahali ambapo simu ikichukuliwa bado utaipata.

3. Hakuna ujumbe utakaotoka kwangu au kwa ofisi ya kanisa kwenda kwa aliye ugenini ukiwa na namba ya kulipia. Anayetaka kutoa anajua pa kutoa. Mafundisho ya mshahara wote wa kwanza tumeyaacha, na niliyafundisha mimi, kwa hiyo ni mimi nayafuta.

4. Kila aliye nje atapewa mtu mmoja wa kumpigia kila wiki. Swali la kwanza litakuwa "Umekula?" Swali la pili, "Umelala?" Mpaka hayo yajibiwe, hakuna la tatu.

5. Neno litatumwa kwa sauti, dakika tano tu, usiku, kwa wale ambao simu wanaipata saa tano. Ikiwa mtu ana dakika tano, tutampa Neno la dakika tano. Yesu alimpa yule mwizi msalabani chini ya hapo.

6. Akirudi bila kitu, atapokelewa kama aliyerudi na kila kitu. Asiyejenga, asiyenunua ploti, aliyetoroka kazi usiku akakimbilia usalama, huyo atakaa kiti cha mbele, na asiwepo mtu wa kumuuliza, "Ulituletea nini?"

Na nyinyi familia, hili la mwisho ni lenu pia. Msiwe Gehazi wa nyumbani. Angalia simu yako sasa hivi. Rudi juu kwenye mazungumzo yako na dada yako aliye Saudia. Hesabu meseji zako kumi za mwisho. Ngapi zinauliza pesa, na ngapi zinamuuliza yeye? Kama kumi zote ni "umetuma?" basi weka ujumbe huu chini, umpigie leo, umwambie tu kwamba unampenda, kisha ukate kabla hujaomba kitu.

Mwisho, binti yangu, uliyeniuliza lile swali ukiwa bafuni. Nilikujibu siku ile, lakini nilikujibu kwa siri, na nilikukosea mbele za watu. Kwa hivyo jibu langu nalitoa tena mbele za watu. Ndiyo. Nakuombea hata kama hujatuma. Nakuombea hata usipotuma tena milele. Nisamehe kwamba ulilazimika kuuliza.

Tuombe.

Bwana Yesu, wewe ulilala mtoto mchanga katika nchi ya Misri, ugenini, kwa sababu nyumbani hapakuwa salama. Unawajua watoto wetu walioko jikoni za watu usiku huu. Uwape usingizi. Uwape mwajiri mwenye moyo. Yule anayepigwa, mfungulie mlango wa kutoka, na umweke mtu upande wa pili wa mlango. Yule aliyesahauliwa na kwao, umtaje kwa jina. Sisi wachungaji, utuulize tunatoka wapi, wala usituache mpaka tujibu kweli. Tukichukua kisicho chetu, utupe ujasiri wa kukirudisha kabla hakijatushika ngozini. Katika jina la Yesu, amina.

Kama una mtu aliye nje ya nchi, mtumie ujumbe huu usiku, saa ambazo simu anayo. Wachungaji wenzangu, mkikasirika, nitafuteni tuongee. Mimi nilikasirika kabla yenu.

Mwisho wa ujumbe huu hakuna namba ya Paybill.